Ukumbi wa Shangazi

Nyumba ya shangazi yangu, fundi cherehani, iko pale vijiji vyetu vinne vinapokutana. Basi kamati ya wanavijiji wanaojipangia wenyewe barabara, maji na zahanati ikaigeuza sebule yake ukumbi. Kwa muda tu, walisema. Mwaka wa sita huu! Kila Jumamosi anasukumia cherehani jikoni, wajumbe wanakalia vitambaa vya wateja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi hajapona bado.

Juzi, birika la chai mkononi, uvumilivu ukamwishia. "Jamani, kwenye mpango wenu wekeni na ukumbi!"

Wakamshangilia. Ila ujengwe wapi? Kila kijiji kikavuta kamba upande wake mpaka wakaanza kufokeana. Mwishowe mwenyekiti, ambaye ni shemeji yake, akasema, "Ya nini kugombana? Ukumbi tunao, ndio huu. Tutaongeza mabenchi. Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Mikono ikainuka. Shangazi akaweka birika chini, naye akanyoosha wake juu kabisa, akiomba kusema.

"Mnaona?" shemeji akacheka. "Hata mwenye nyumba. Kura zote!"