Odeta na kompyuta inayokumbuka ng'ombe wa Misungwi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Odeta Maige anavua viatu mlangoni mwa ofisi ya chama cha wafugaji, nje kidogo ya mji wa Misungwi. Kabla hajasalimiana na mtu, anaweka kiganja juu ya kompyuta iliyopandishwa kwenye matofali mawili ili maji ya mvua yasiifikie. Anasikiliza feni.

"Imeamka salama," anasema. Ndipo anapogeuka kumpa mwandishi mkono.

Hiyo ndiyo seva pekee ya chama. Humo mna kurasa ambazo wafugaji hufungua kwenye simu zao, na humo humo mna kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za ng'ombe 2,904: rangi, pembe, chapa na mwenye mali. Ng'ombe akipotea kisha akaonekana mnadani, mwenyewe anafungua simu na kuonyesha. Ubishi unaishia hapo.

Leo Odeta anapandisha toleo jipya la mfumo, lenye nafasi ya kuandika mama wa kila ng'ombe. Mnada unafunguliwa saa nne. Muda upo.

Odeta, mwenye umri wa miaka 33, ni mkazi wa Buswelu. Alianza kwa kutengeneza simu mjini Mwanza, akajifunza kutengeneza mifumo polepole. Chama kinamlipa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi. Nyingine anazitafuta kwenye maduka, akihangaika na mashine za watu za kuchapishia.

"Hela haifanani na usumbufu wake," anasema huku akicheka. "Lakini hawa wazee siwezi kuwaacha. Ngoja nikueleze walichonifanyia."

Miaka miwili iliyopita, akiwa kwenye kiti hiki hiki, aliandika amri ya kuanzisha mfumo upya. Alidhani yuko kwenye kompyuta yake ya majaribio. Kumbe alikuwa kwenye seva. Ng'ombe wote wakafutika.

Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilijitengeneza yenyewe kila baada ya saa moja na kufuta ile ya zamani. Alipokuja kushtuka, ilikuwa imeshanakili utupu.

"Nilikaa pale chini, nikaona bora nirudi kwenye simu zangu."

Aliyemwinua ni Mashimba Ngosha, mfugaji ambaye leo ana miaka 78. Alikuja kesho yake, akavuta kiti na kumwambia aandike. Akataja ng'ombe wake mmoja mmoja: rangi, pembe zilivyokaa, na mama aliyemzaa. Hakusema ana wangapi. Mzee Mashimba hahesabu ng'ombe wake na hapendi wahesabiwe; anawataja, na asiyetajwa ndiye aliyepotea. Wafugaji wengine wakafuata. Kazi ilichukua siku kumi na moja.

Mfumo haukuwa na nafasi ya mama, kwa hiyo Odeta aliwaandika kwenye daftari, baadaye akaingiza orodha ile kwenye kompyuta. Daftari lenyewe liliharibiwa na mvua za mwaka jana.

Tatizo ni kwamba sasa mzee anasahau. Asubuhi hii ameshauliza mara mbili kama chai imenywewa. Taarifa za ng'ombe wake zikipotea tena, hakuna wa kuzitaja upya, na Odeta anajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana anaanza na nakala. Anaichukua kwenye flashi, anaifungua kwenye kompyuta yake ya mkononi, anahakikisha inasomeka. Kisha anasimamisha mfumo, anaweka toleo jipya, anaunganisha orodha ya akina mama, anawasha. Saa mbili na nusu kurasa zinafunguka kwenye simu. Anahesabu: 2,904. Anashusha pumzi.

"Mzee wangu. Tayari, wote wapo."

"Wote ni nani na nani?" anauliza Mzee Mashimba, ambaye amekalia kiti cha ofisini chenye magurudumu huku ameshika meza, maana hakiamini kiti hicho hata kidogo. "Nisomee."

Odeta anasoma ng'ombe wa mzee, kila mmoja na mama yake. Wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, mzee anainua mkono.

"Huyo si mama yake."

"Ndivyo ilivyoandikwa hapa, mzee."

"Binti yangu, huyo mweusi wa kipaji cheupe alizaliwa na yule aliyevunjika pembe. Hata ukinichapa."

Mwandishi anakiri kwamba alimuonea mzee huruma. Odeta hakubishana. Alirudi kwenye orodha, akaipitia mstari kwa mstari, akakuta mstari mmoja umejirudia. Kuanzia wa tatu, kila ng'ombe alikuwa amepewa mama wa aliyemtangulia kwenye orodha. Idadi ilikuwa sahihi na ukoo wote umevurugika.

Akasimamisha mfumo, akarudisha ile nakala ya kwenye flashi, akaondoa mstari, akaanza upya. Saa nne kasoro dakika kumi mfumo ulikuwa hewani. Safari hii hakuhesabu. Alisoma, na mzee akawa anaitikia kila ng'ombe kwa kichwa.

Wakafika kwa ndama mmoja mwekundu. Mzee akamtangulia Odeta kutaja mama, akakwama. Akajaribu tena. Akatazama mikono yake.

"Ni yule wa kijivu," Odeta akasoma taratibu, "uliyepewa na shemeji yako siku ya harusi ya mwanao Nestory."

Mzee macho yalimjaa machozi, wala hakuyaficha.

"Ndiye," alisema. "Nilikuwa nimempoteza."

Odeta anapanga kuweka kompyuta ya pili mjini Mwanza, kwenye duka la Shantilal, mfanyabiashara aliyemwahidi kona isiyovuja na betri ya akiba, ili nakala isikae tena nyumba moja na seva. Lakini kabla ya hapo anataka kuwazungukia wazee wengine tisa wa chama, aandike wanachokumbuka kabla hawajasahau, akiwa na daftari jipya.

"Nitaanza Jumatatu," anasema akivaa viatu. "Na sitawauliza wana ng'ombe wangapi."