Dada Yangu Yuko Ukurasa Gani?

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka huweka chini chochote nilichoshika. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Zuzu karibu na Dodoma, mwanafunzi wa chuo, na ndani ya mkoba wangu mlikuwa na jarida lililochapishwa jina langu. Nilikuwa safarini kwenda Chemba kumwonesha Mzee Zakaria.

Huyu Mzee Zakaria alikuwa Msandawe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika kwenye madaftari majina ya miti na mizizi kwa lugha yao, ile yenye sauti za kugonga ulimi, pamoja na kazi ya kila mmea. Mimi nilikuwa natafuta habari za tasnifu yangu ya shahada. Nilipofika kwake mara ya kwanza hakunihoji sana. Alinipa madaftari manne, akasema, "Kasome, binti yangu. Ukimaliza unirudishie." Nani siku hizi anampa mgeni kazi ya maisha yake namna ile?

Nilikaa nayo miezi miwili kabla ya kuyarudisha, katika chumba nilichopanga Miyuji, mjini Dodoma. Mwanzoni nilikuwa nanakili tu ili nielewe. Kisha nikaanza kupanga, nikabadilisha sentensi hapa na pale, nikaongeza utangulizi wenye maneno makubwa. Kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoona kazi inakuwa yangu. Nakwambia kweli, sikuwahi hata mara moja kujiambia kwamba sasa naiba. Niliandika "nimekusanya majina haya kijijini" nikaendelea na sentensi iliyofuata. Mhadhiri wangu akaipenda, sehemu yake ikatoka kwenye jarida la chuo kabla hata sijawasilisha tasnifu yenyewe, na nikaahidiwa nafasi ya kufundisha palepale.

Basi siku hiyo nilimkuta Mzee uani na dada yake mkubwa, Bibi Agnesi, aliyekuwa anapeta uwele. Niliwaamkia, wakaitikia kwa furaha. Mzee akavaa miwani, akasoma kurasa zote polepole, mimi pembeni nasubiri sifa.

"Umeandika vizuri," akasema alipomaliza. "Sasa nioneshe dada yangu yuko ukurasa gani."

Sikuelewa. "Dada yako, Mzee?"

Akaingia ndani, akatoka na daftari moja, akalifungua mapajani mwangu. Kando ya kila mmea, kwa kalamu nyekundu, paliandikwa jina la mtu aliyemweleza. Agnesi. Agnesi. Baba yake Daudi. Agnesi tena. Majina yale nilikuwa nimeyaona kila siku kwa miezi miwili, nikayaruka kama mtu anavyoruka namba za kurasa.

"Mimi mwenyewe sikuthubutu kusema ni yangu," akasema. "Wewe umeyakusanya wapi?"

Nikainamia lile daftari. Akafunua mpaka kwenye mzizi mmoja, ambao kwenye jarida nilisema hutuliza tumbo la mtoto. Kwenye daftari palikuwa na alama ya kuuliza, na maneno, "Sina hakika. Nimuulize Agnesi." Ile alama niliiacha makusudi, mwanangu. Niliona inaniharibia sentensi.

Mzee akamsomea dada yake nilichoandika. Bibi Agnesi akaweka ungo chini, akanitazama bila hasira.

"Huo ni wa mbuzi, mjukuu wangu," akasema. "Mtoto akinywa atatapika mpaka aishiwe nguvu. Si ungeniuliza? Nilikuwa hapahapa."

Nilitamani wanifokee. Badala yake waliniletea uji, nikanywa huku machozi yanadondokea kwenye kikombe. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, "Kuandika usiache. Ila rudi ukaseme kweli. Mtu akisoma kwako akapata mashaka, ajue pa kwenda kuuliza."

Niliporudi Dodoma nilimweleza mhadhiri wangu yote. Alisema kwa upole kwamba jarida lile halifiki kijijini, na kwamba nikinyamaza yeye hatalizungumza. Nilikaa na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne nikamwandikia mhariri: madaftari ni ya nani, maelezo ni ya kina nani, na ule mzizi asipewe mtoto. Barua ikachapishwa. Tasnifu ikakataliwa, nikaambiwa nianze upya, mwaka mzima. Ile nafasi ya chuoni akapewa mwenzangu, nami sikuipata tena. Nimefundisha sekondari hadi kustaafu. Nisikudanganye kwamba haikuniuma. Iko miaka iliniuma sana.

Lakini mwaka ule wa kuanza upya niliishi kwa Bibi Agnesi. Nilikwenda naye porini, akanifundisha kugonga ulimi mpaka majirani wakachoka kunicheka. Tasnifu ya pili ilipopita niliwapelekea nakala. Bibi hakujua kusoma, hivyo nikashika kidole chake nikakiweka juu ya jina lake.

"Na hapa?" akauliza.

"Hapo pia ni wewe, bibi."

"Na hapa?"

Tukaenda hivyo ukurasa kwa ukurasa. Mzee Zakaria akageukia ukutani, akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mwanangu, ninyi mnaandika wakati ambapo kazi ya mtu inahamia kwako kwa kubonyeza tu, na jina lake hubaki kule ilikotoka. Chukua, soma, jifunze, hakuna aliyeanza na kichwa kitupu. Ila unapoandika, mtaje aliyekupa, awe profesa au mama asiyejua kusoma. Usichokuwa na hakika nacho, kiandike hivyohivyo. Na kama umeshakosea, usisubiri mtu akugundue. Nenda kaseme mwenyewe, mapema, hata kama utapoteza kitu.

Mungu akupe moyo mweupe na mkono mwepesi wa kuandika. Akukutanishe na watu wakarimu, nawe uwe mkarimu kwao. Na wale utakaowataja wabariki kazi yako kwa vinywa vyao wenyewe. Amina.