Maji ya Mfinyanzi

Mwaka 1953, nikiwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi sita, bwana yangu alishuka mlimani akasema dunia haina aliyeiumba. Shida zangu naanza kuzihesabu hapo. Njaa niliijua kabla yake, na fimbo ya mwalimu niliijua kwa miaka miwili niliyokaa darasani, lakini hizo siziiti shida. Ni maisha.

Bwana yangu alikuwa mbebaji. Mzungu mmoja aliyechunguza mawe ya Nyiragongo, mlima wa moto, alimchukua yeye na wenzake, wakampandishia masanduku hadi ukingoni kabisa mwa shimo lake. Sisi watu wa Gisenyi wekundu wa mlima ule tuliuona kila jioni juu ya mawingu, tukajua ndani mnachemka. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuchungulia ni kingine. Yeye alichungulia. Alirudi nyusi zimeungua, akakaa kizingitini, chakula hataki.

Mimi nilikuwa naweka maji. Kwetu mwanamke mwenye mimba halali bila maji ndani ya nyumba. Imana, Mungu wetu, anashinda huko kwa watu wengine, jua likizama anarudi Rwanda kulala, na akirudi anafinyanga watoto ndani ya matumbo ya mama zao. Mfinyanzi bila maji atafanya nini na udongo? Mama yangu alinifundisha hivyo siku ya kunitoa nyumbani, na padri alipotukataza tulimwitikia ndiyo, tukaendelea kuweka.

"Hii maji ni ya nani?" bwana yangu akauliza.

"Si unajua. Ya Imana."

Akacheka, kicheko kikavu. "Imana gani? Mi nimeona vile dunia inafanyikaka. Muzungu ametuelezea. Jiwe inayeyuka, inamwagika, inapoa, inakuwa mulima. Hakuna mutu anashika mwiko. Inajipika yenyewe."

"Na moto, nani aliwasha?"

"Nilimuuliza vilevile. Akasema, bon, hiyo hatujui bado. Donc, basi, hakuna mutu."

Akaunyanyua mtungi, akanywa akashiba, yaliyobaki akayamwaga juu ya miguu yake iliyojaa vumbi la mlima. Huku akinawa aligeuka mara mbili kuutazama mlima. Mimi niliona, lakini sikuelewa kwamba mtu anaweza kuogopa na kucheka pamoja.

Sasa niseme ukweli, maana wenye aibu waliponiambia nisiuandike ndipo nilipouandika. Sikumgombeza. Nilifurahi. Nyumba yetu ilikuwa juu, ziwa la Kivu liko chini, na kupanda na mtungi kichwani huku tumbo limetangulia kulinivunja mgongo. Nikajiambia: mwanaume amefika hadi mdomo wa mlima, hakumkuta mtu. Mimi ni nani nimchotee maji asiyekuwepo? Siku tisa niliteka ya kupikia tu. Jua likizama, mtungi ulilala mdomo chini.

Siku ya kumi nilikuwa napalilia maharage, nikasimama ghafla na jembe mkononi. Mtoto hajacheza. Jana hajacheza. Juzi, sikumbuki. Nikagonga tumbo kwa kidole, taratibu, kama unavyogonga mlango wa mtu unayemwogopa. Kimya. Nikagonga tena. Nikatupa jembe.

Nilikwenda kwa miguu hadi Rugerero kwa mama yangu. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Aliniangalia usoni, ungo ukasimama.

"Siku ngapi?" Sijasema neno bado.

"Tisa, mama."

"Yoo! Yoo we! Siku tisa umewacha Imana na udongo mukononi, maji hakuna?"

"Bwana yangu alisema..."

"Bwana yako ndiye anafinyanga? Ule mwenye hajui hata kufinyanga kiko ya tumbako? Udongo ikikauka katikati ya kazi inapasuka! Kimbia, mutoto! Unaniangalia nini? Kimbia!"

Nilimwona amekuwa mdogo. Mama yangu, aliyezika wanaume wawili bila kupiga kelele, aliogopa hata kunigusa tumbo.

Nilirudi, nikateka mara nne. Nikajaza mtungi, sufuria, karai, kibuyu, hata kikombe cha bati cha bwana yangu. Jua lilipogusa milima ya ng'ambo ya ziwa, nyumba nzima ilikuwa imejaa maji, pa kukanyaga hakuna. Bwana yangu aliporudi nilingoja acheke. Hakucheka. Alipita katikati ya vyombo kwa ncha za vidole, asimwage hata tone, akaenda kukaa pembeni.

Asubuhi nikamwita mkunga, mama mzee Mwislamu wa mtaa wa Waswahili. Alitazama zile sufuria.

"Haya, binti yangu, harusi iko wapi?"

Nikamweleza. Akainama, akaweka sikio lake juu ya tumbo. Akakaa hivyo, amefumba macho, hata mimi niliacha kupumua.

"Iko."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Amechoka tu, sawa na mama yake. Sikia, we binti. Mungu hafinyangi na maji ya Kivu. Anasema neno moja: kuwa! Inakuwa. Amesema mbingu, ikakuwa. Amesema kuku, ikakuwa."

"Na kama katikati ya kusema alikohoa?"

"Astaghafiru!" Alinipiga begani. "Funga kinywa! Unataka kutuunguza wote?"

Jioni ile mtoto alipiga teke. Nililia. Lakini hofu haikuondoka. Kwa miezi mitatu niliishi nayo, nikila nayo, nikiteka maji nayo. Nilijiuliza: zile siku tisa, alikuwa amefika wapi? Macho? Moyo? Ni kitu gani kilikauka?

Alizaliwa asubuhi ya mvua, msichana, na sauti ya kumwamsha jirani. Macho mawili, masikio mawili, miguu kamili. Mkono wa kushoto ulikuwa na kidole gumba na kimoja cha kando. Vingine havikuwepo. Mahali pavyo palikuwa laini, pamefungwa vizuri, kama udongo uliopitishwa kiganja mara moja ukaachwa.

Mkunga akasema Mungu hakosei, lakini akauzungushia kitambaa mkono ule kwanza, kabla ya mtoto mwenyewe. Mama yangu alifika, akafunua kitambaa, akaangalia, akafunika. Akatoka nje. Nikamsikia analia nyuma ya migomba. Afadhali angenitukana.

Bwana yangu ndiye aliyekaa nami. Nikamshika shati.

"Sema sasa. Nani amefanya hii?"

Akasema, "Kama hakuna mutu, we hauna kosa. Hakuna mwenye ulimunyima maji. Mukono imejifanya tu, sawa na mulima."

Alinipenda, yule mwanaume. Alinitafutia mahali pa kupumzika, akapata hapo tu. Lakini mimi sikuweza kukaa hapo.

"Na kama hakuna mutu," nikamwambia, "mi nitaomba nani musamaha?"

Akaniambia kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu: kwamba siku ile ukingoni wenzake wote walipiga magoti, yeye peke yake akabaki amesimama, si kwa ushujaa, bali magoti yalikataa kukunjika. Na tangu siku ile kila akifumba macho anaona ule moto ukijikoroga, hakuna mtu. "Ningekuta hata shetani," akasema, "ningekuwa mwenye furaha."

Basi tukawa wawili wenye hofu nyumba moja. Yeye aliogopa kwamba Imana hayupo. Mimi niliogopa kwamba yupo na ameona.

Nilijifunza kushona kwa sababu ya mkono ule. Gauni la kwanza nililoshona maishani lilikuwa la binti yangu, na mkono wa kushoto niliuacha mrefu ukapita vidole. Fundi wa mtaa wa Waswahili alinionyesha mara mbili tu namna ya kukata, mengine nilijitafutia. Watu walidhani ni mtindo. Mwanamke mmoja akaniletea kitambaa, anataka gauni la namna ile ile. Biashara yangu ilianzia kwenye kuficha, sikatai.

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, tuko mlangoni namvalisha gauni la kwenda misa kanisa la Nyundo, akauliza:

"Mama, mukono yangu, nani hakumaliza?"

Sindano ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaitoa. "Mi sijui."

"Ni Imana?"

"Nimekuambia sijui."

Akaufikiria mkono wake ndani ya kitambaa. "Basi usimufiche mukono, mama. Akirudi kumaliza, hataiona."

Nimeogopa mlima, nimeogopa kuzaa, na baadaye niliogopa watu wenye mapanga. Lakini sijawahi kuogopa kama siku ile, mbele ya mtoto aliyekuwa hana hofu hata kidogo. Nilichukua mkasi nikakata mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko, kwa haraka hadi nikajikata. Akaenda misa mkono nje. Waliotazama walitazama. Mkono umebaki vilevile hadi leo, na binti yangu sasa ana wajukuu.

Leo nina umri nisiouhesabu, na mtu wa madarasa mawili anayeandika kwa mkono wake hana wa kumwomba ruhusa. Vitu vyangu nitakavyoacha ni hivi, na kila kimoja nimeandika aliyekitengeneza.

Nyumba ya matofali, vyumba vinne: fundi wa Nyundo, marehemu.
Cherehani tatu: kiwanda cha Ulaya.
Kitanda, kabati, meza na viti sita: seremala mwenye jicho moja.
Nguo zangu zote: mimi. Ya kuzikiwa: binti yangu, kwa mkono wa kulia na vidole viwili.
Migomba arobaini, ng'ombe wawili na ndama: hapa sijaandika mtu.