Jinsi Nilivyomfanyia Msiba Bwana Deo

Naandika haya uso bado unawaka, ingawa moyo umetulia, maana mtu mzima kupika chai ya msiba wa mtu aliye hai si jambo la kusimulia kwa sauti.

Nafanya kazi idara ya malipo, kampuni moja ya mizigo hapa Downsview (shule yangu ya kuungaunga, sijui waliniajiri kwa nini). Kuna hundi ambazo wenyewe hawakuzipeleka benki. Sheria ya jimbo la Alberta, tuliko na tawi, inasema hela hiyo si ya kampuni: mtafute mwenyewe kwanza, akikosekana ndipo uripoti na kuikabidhi serikali. Hundi moja ilikuwa ya dereva wa tawi hilo aliyeitwa Deo, barua tuliyomtumia Calgary ikarudi, na ripoti ilikuwa inafungwa Jumatatu. Bosi akasema, "Tumetimiza wajibu, ripoti tu." Kusema haki, alikuwa sahihi. Lakini jina lake la pili nililijua ni la Mrundi, ni wetu, nikaona jasho lake lisipotee kabla sijauliza watu.

Basi Jumamosi nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp. Hela sikuitaja (ningeitaja, kina Deo wangejaa ukumbi), nikasema tu: "Natafuta ndugu au jamaa wa Bwana Deo, dereva, aliyekuwa akiishi Calgary. Ni jambo zito, nipigieni." Simu nikaiacha inachaji, nikateremka kufua.

Jamani, si ndivyo tunavyotangaza misiba? Kila mtu anajua, isipokuwa mimi siku ile.

Narudi na kapu la nguo nakuta jirani yangu Mama Furaha mlangoni pangu, hapa mtaa wa Crescent Town, na sufuria ya maharage, nyuma yake mwenyekiti wa jumuiya na viti vya kukunja, na wengine wanazidi kutoka kwenye lifti. Mama Furaha akanikumbatia.

"Pole, mama. Aliugua nini?"

"Sijui," nikasema (kweli sikujua, ila hakuna jibu baya kuliko hilo).

"Yaani ghafla! Uwiii!"

Nikataka kueleza, lakini habari za hundi ya mtu hazisemwi mbele za watu, nikawa nababaika, nao wakaona ni uchungu. Mwenyekiti akafungua mchango. Mimi nikaenda kupika chai, ningefanya nini?

Haijachemka, akaingia mwanamume mrefu, theluji mabegani.

"Ni hapa msiba wa Deo wa Calgary?"

"Ndipo, karibu, pole sana," mwenyekiti akasema.

"Asante. Mimi ndiye marehemu."

Mwiko ukamponyoka Mama Furaha. Kumbe Deo alishahamia Downsview, karibu kabisa na ofisi yetu, na mkewe ndiye aliyesoma grupu akamwambia, "Baba, unaliliwa Crescent Town, nenda ukajionee." Nikamvuta jikoni nikamnong'oneza habari ya hundi. Akacheka mpaka akaegemea friji.

"Mama, na maharage yangu mlitaka kula bila mimi!"

Mwenyekiti akarudishia kila mtu mchango wake (yeye hakukosea, kosa ni langu), tukala.

Jumatatu nikamweleza bosi yote, ingawa bado niko kwenye majaribio ya kazi.

"Hela uliitaja?"

"Hapana."

"Kampuni?"

"Hapana."

Akashusha pumzi, nami nikashusha yangu. "Basi mtoe kwenye ripoti, tumwandikie hundi mpya. Siku nyingine uniulize kwanza."

Nitamuuliza. Na akiniruhusu kutangaza tena, mstari wa kwanza utakuwa: Hakuna aliyefariki.