Ganda la Kidonge na Haya ya Mkwe

Kwenye dirisha la dawa hapa Kibiti, mbele yangu alisimama mzee wa kijiji cha Mkongo na mama mkwe wake. Jana yake mzee alianguka shambani kwa kizunguzungu.

"Kidonge chenu cha presha hakifanyi kazi, mwanangu," alimwambia mtoa dawa. "Sasa nakitwanga."

"Unakitwanga! Nani kakwambia hakifanyi kazi?"

Mzee alimtazama mkwewe, akainamisha kichwa. Foleni ikaguna. Hatimaye mama akaelewa, akatoka nje.

"Nakiona chooni," mzee akanong'ona. "Kizima."

Mtoa dawa akashika kichwa. "Mzee wangu, hilo ni ganda tupu! Tabaka zake za nje huachia dawa polepole, kutwa nzima. Ukikitwanga, dawa yote inaingia kwa mkupuo, presha inaporomoka. Utakufa!"

"Mbona hamkusema?"

Mtoa dawa akainamia cheti chake. Nami nilichoka kabisa. Dirishani tunaambiwa asubuhi na jioni, lakini choo hakitajwi, na mgonjwa naye anaona haya kuuliza. Heshima hii itatuzika.

Mlangoni mama mkwe akakohoa, uso kaugeuzia ukutani.

"Na mimi changu nakitwanga," alisema.