Kijiti Nilichokihamisha Wamaza

Mwaka ule hesabu za viberiti zilipoingia Kasongo, mji mzima ulikosa moto. Nasema kweli, au karibu na kweli. Viberiti vilijaa madukani, ila hakuna aliyekubali kuviwasha, maana njiti nzima yenye kichwa chake chekundu inalala vizuri zaidi mezani kuliko kipande kilichoungua. Wanawake walikwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, na jirani mwenyewe wakamkuta amepiga magoti mbele ya mkeka, anazitazama njiti kama mtu anayelinda mtego wa panya.

Ugonjwa huo tuliuleta sisi, watu wa shule ya jioni. Mchana tulikuwa wafanyakazi wa mashini ya pamba. Tulibeba marobota, tukakohoa nyuzi, na ilipofika saa ya kutoka kila mmoja wetu alikuwa na mvi za kuazima. Jua likishuka tulinawa, tukavaa shati la pili, tukaenda kukaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Munita wetu, ndivyo tulivyowaita walimu siku zile, aliwasha lampi na kutazama kabati. Chaki ilikuwa mle ndani, imefungiwa kwa ajili ya watoto wa mchana. Basi alitoa kiberiti mfukoni, akamwaga njiti mezani, akatufundisha namba za kirumi. Kumbe ni zile zile tulizozoea kuziona kwenye saa ya kanisa la misioni, bila kujua kwamba zinaweza kujumlishwa.

Alipanga hivi:

VI + I = V

«Sita na moja, tano,» akasema. «Huu ni uongo. Hamisha njiti moja tu, iwe kweli.»

Tulikodoa macho. Palikuwa na mwenzetu mwenye shingo ya nyati, mtu wa kubeba robota peke yake huku anaimba, na jioni ile alishindwa kuinua njiti moja. Mimi nilitazama mpaka njiti zikaanza kucheza. Halafu mkono wangu ukaenda wenyewe. Ulichukua ile njiti ya mwisho ya VI, ukaipeleka mwisho kabisa, nyuma ya V.

V + I = VI

Munita alinitazama. «Wewe,» akasema, «angalia hicho kichwa kisije kuwaka.»

Mnaweza kufikiri nilivyolala usiku ule. Sikulala. Na tangu siku hiyo mkono wangu uliharibika. Nikiona vitu viwili vimelala vibaya, lazima nihamishe kimoja. Nilipanga miiba ya samaki wa Nyangwe pembeni mwa sahani mpaka wali ukapoa. Nilitengeneza ua wa jirani bila kuombwa, akaniita mwizi. Raha ya siku zile bado ninayo mwilini: harufu ya lampi, mabega ya wanaume wazima yamebanana juu ya meza moja, na ukimya, halafu sauti ya mmoja wetu ikisema taratibu, «Ngoja, ngoja, nimeiona.»

Sasa, palikuwa na msichana.

Kwao ni Wamaza, upande wa Kabambare, lakini alikuwa amekuja Kasongo kusoma kushona kwa masista. Mara ya kwanza nilimwona anachagua mawe kwenye mchele, na aliyatoa mawe yale kwa upole, kana kwamba anayaomba radhi. Sitaeleza mengi. Tulisikilizana. Alipomaliza masomo akarudi kwao, na mimi nikamwendea baba mdogo wangu, ndugu wa marehemu baba, anisemee. Tulipeleka mbuzi wa kwanza, yule wa kufungua mlango. Wakamla, maana yake walitusikia. Ikabaki siku ya kuambiwa mali kamili.

Hapo lazima nieleze desturi ya ukoo ule. Kwao mali ya ndoa haitajwi kwa mdomo. Baba wa msichana anapanga vijiti vya matete juu ya mkeka, kila kijiti mbuzi mmoja. Upande wa mume unatazama. Msemaji wenu anaweza kulalamika mpaka povu limtoke, hiyo ni ruhusa. Ila mkono wa mkwe hauvigusi vijiti. Akikigusa hata kimoja amesema: mali hii siitaki, na binti huyu simtaki. Mambo yamekwisha, kila mtu anarudi kwao.

Baba mdogo aliniambia hayo njia nzima. Tulikuwa na kinga moja, baiskeli nzito kama ng'ombe. Kwenye tambarare ilitubeba, na kwenye milima sisi tuliibeba.

«Mukono yako utauweka wapi?» akauliza kwenye kila mlima.

«Chini ya paja, baba mudogo.»

«Paja gani?»

«Yote mawili.»

Baba wa msichana alikuwa kapita wa barabara, msimamizi wa vibarua, mtu mkubwa, mwenye sauti iliyozoea kuamrisha majembe. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao upande wa juu wa mkeka. Sisi tulikaa upande wa chini, karibu na mlango, tunatazamana naye, kama adabu inavyotaka. Nilikalia mikono yangu yote miwili. Nilingoja matete.

Hayakuja matete. Mzee aliingiza mkono mfukoni, akatoa kiberiti kipya, akakifungua polepole kama mtu anayefungua zawadi. Akaanza kupanga njiti kwenye mkeka, moja baada ya nyingine, vidole vikubwa vikienda kwa uangalifu. Alipomaliza alijiegemeza nyuma, akanitazama kwa uso wa mtu anayengojea sifa. Na mimi, kutoka upande wangu, nikasoma:

XI + I = X

Enyi wasomaji, ningekuwa mtu wa kawaida ningetoka na mke bila shida. Lakini mimi nilikuwa mtu wa shule ya jioni. Kumi na moja na moja, kumi? Uongo mtupu. Nikawaza: mzee amesikia sifa zangu, anataka kukipima kichwa. Mali itafuata baadaye, kwa matete. Na kabla sijamaliza kuwaza, mkono ulishatoka chini ya paja. Ukachukua njiti ya mwisho ya XI, ukaipeleka mwisho, nyuma ya X.

X + I = XI

Nikatabasamu.

Baba mdogo alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu. Uso wa mzee ulifungika, kama duka linavyofungwa mchana mteja akiwa bado mlangoni. Akasimama, akashika kiti chake.

«Mumejionea wenyewe,» akamwambia baba mdogo. «Mutoto yenu amesema kwa mukono wake. Mupande kinga yenu.»

«Mukwe wangu, ngoja kwanza,» baba mdogo akasema. «Huyu hana akili mbaya. Ana akili mingi, ndiyo ugonjwa yake.»

«Nimeona.»

Wakati ule binti alikuwa amefika mlangoni na maji ya kunawa. Aliona mkeka, akaona mkono wangu bado uko juu, akaona baba yake ameshika kiti. Nilimtazama, na moyo wangu ulianguka mpaka ukafika kule Kasongo. Yeye alipiga magoti, akaweka bakuli chini bila kumwaga tone.

«Baba,» akasema, «yeye alikuwa anasoma kutoka kule.»

«Na kule iko nini?»

«Iko hesabu ingine. Mukalishe hapa kwako, aone.»

Mkwe kukaa upande wa baba mkwe, jambo hilo halikuwahi kuonekana Wamaza tangu mto wa pale uanze kutiririka. Mzee alisimama na kiti chake mkononi, na mimi nilijua kwamba akiondoka nacho tu, hakuna mke. Baadaye niliambiwa kwamba juma zima binti yake alikuwa amemfundisha namba zile kila jioni, kwa sababu mzee alitaka kuniheshimu mimi, mtu wa shule, kwa kuacha matete na kupanga mali yake kisomi. Sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kiti kilikuwa kinaning'inia.

Akakishusha. «Njoo,» akasema.

Nilizunguka mkeka kwa magoti. Binti akanyoosha kidole, bila kugusa, akanionyesha palipokuwa na njiti kabla ya mkono wangu. Kutoka upande wa baba yake ilikuwa imeandikwa X = I + IX. Kumi ni moja na tisa. Mbuzi kumi: mmoja wameshamla, tisa bado. Hakikuwa kitendawili. Ilikuwa ndoa yangu, imepangwa vizuri kabisa, nami nilikuwa nimeisoma miguu juu.

Jasho lililonitoka lingetosha kupikia ugali wa kijiji.

«Baba,» nikasema, «nilizania ni ya shule. Munita wetu anapanga uongo, sisi tunatengeneza.»

«Mimi nilipanga uongo?»

«Kutoka kule, ndiyo, baba.»

Hapo mzee akafanya jambo ambalo baba mdogo alilisimulia mpaka siku ya kufa kwake: akatoka kwenye kiti, akazunguka, akaenda kupiga magoti mahali pangu, karibu na mlango, mahali pa mwombaji. Akainama. Alisoma kwa midomo. «Kumi... na moja... kumi na moja.» Akarudi upande wake, akasoma tena. Akaenda tena mlangoni. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua kama ni hasira au kicheko. Kilikuwa kicheko, cha mtu ambaye hana desturi nacho.

«Hata hivyo,» akasema akikaa, «kijiti kikishahamishwa na mukono ya mukwe, hakirudi.»

Baba mdogo akainua kichwa haraka. «Basi tusome ilivyo sasa. Kwako inasema tisa mbele. Mali yote ni tisa.»

«Tisa mbele, ndiyo. Na nyuma inasema moja na kumi. Moja tumekula. Kumi mutaleta.»

«Hesabu hiyo haisikilizani, mukwe wangu.»

«Haikuharibiwa na mimi.»

Walivutana hivyo mpaka maji ya kunawa yakapoa: baba mdogo akishika tisa kama mkia, mzee akishika kumi kama pembe. Mimi nilikuwa bado nimekaa upande wa juu, hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Ndipo binti akasema kutoka mlangoni, macho chini, sauti wazi:

«Baba, chukua zile tisa zako. Ile aliyoongeza yeye, iwe yangu.»

«Mwanamuke gani analipiwa na anabakisha?»

«Ule alikufundisha namba.»

Mzee akamtazama baba mdogo, baba mdogo akatazama paa. «Haya,» akasema. «Ikuwe vile.»

Tulileta tisa na mmoja. Yule mmoja nilimchagua mwenyewe, jike la kahawia, mwenye dharau usoni, mkubwa karibu kama punda. Siku ya kumpeleka binti kwangu, shangazi zake walibeba vyungu na mikeka kama kawaida, na watu wa Kasongo walitoka barabarani kumtazama bibi arusi akija na kichwa kimeinama. Alikuja kichwa kimeinuka. Alikuwa mbele ya wote, kamba mkononi, akimvuta mbuzi wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nyuma, nikimsukuma yule mbuzi.