Birika Lililovaa Suruali

Msusi hakuwa mtu wa magemu hata kidogo. Magemu, alikuwa akisema, ni ya watu wasio na nywele za kushika. Lakini mama yake alipopigwa na kiharusi, akaacha kiti chake saluni ili amuuguze, na nywele alizobaki nazo zikawa za mama peke yake. Hizo nazo ukishazisuka zimetulia, utazifumua mara ngapi? Basi akawa anashinda kwenye chumba chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kwa kukosa la kufanya tu, akapakua gemu dogo la bure kwenye simu.

Gemu lenyewe kichekesho kitupu. Birika lililovaa suruali linataka kutoroka jikoni. Linaruka rafu hadi rafu, linakwepa sufuria zenye hasira, mpaka lifike dirishani. Likikosea, puu! Linaanguka, suruali inashuka, nalo linajisitiri kwa mfuniko wake, limeona haya. Basi, gemu limeishia hapo. Mwenye vidole vyepesi atalimaliza kabla maji ya chai hayajachemka.

Siku ya kwanza birika lilipoanguka, mama alicheka. Jamani, mama alicheka! Tangu kiharusi kimdondoshe bafuni alikuwa hasemi, anatazama dari tu. Msusi alilia kwa furaha, kisha akaliangusha tena makusudi. Ikawa ndiyo kazi yake: analipandisha mpaka ukingoni mwa dirisha, halafu analiachia. Kulitoa nje, hajawahi.

Asubuhi moja mwenye saluni alimpigia. "Mwanangu, kiti chako nimekishikilia mpaka nimechoka. Usipotokea leo mchana nampa mwingine, na usininunie."

Kaka yake, fundi redio, akakubali kushinda na mama, leo na siku zote za kazi. Msusi akaoga mbio mbio huku anaimba. Alikuwa anataka kutoka mpaka vidole vinamwasha.

"Mama akinyong'onyea, mchezee hili," akamwambia kaka yake, akamwachia simu.

Lo! Kaka mtu hajui kushindwa hata kwa kubahatisha. Ruka, kwepa, ruka, birika hilo nje ya dirisha, tarumbeta zinalia. "Umeona, mama? Mchezo wa watoto!" Mama akatazama dari.

"Sasa mbona umelimaliza?" msusi akauliza.

"Kwani linachezwa ili iweje?"

"Mama anachekea kuanguka, kaka. Anguka!"

"Mimi? Nianguke makusudi? Wewe dada, una wazimu."

Msusi akamwachia ubishi wake. Akachukua mkoba, akavaa viatu, akafungua mlango. Nyuma yake akasikia puu!

"Aah! Nani kaiweka sufuria hapo?" Kaka alikuwa ameanguka kweli kwenye gemu, na hasira zimempanda kweli. Mama akaangua kicheko. Si kile kicheko chembamba alichokizoea msusi. Hiki kilimtoka tumboni, mpaka akakohoa.

Mlango ulikuwa wazi. Saluni ni hapo tu, ukipinda kona. Hakuna aliyemshika, na bado miguu ikagoma. Wivu ulimpanda, wivu wa kijinga usio na jina la heshima. Kama mama anaweza kucheka hivi bila yeye, muda wote huu alikuwa anakaa humu kwa ajili ya nani?

Akageuka. "Sivyo hivyo, mama atapaliwa! Hebu lete."

"Si ulikuwa unaondoka?"

"Kidogo tu, nikuonyeshe."

Akavua viatu pale mlangoni, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akalipandisha birika polepole, akaliangusha. Akalipandisha tena. Simu ikaita katikati ya mchezo, jina la mwenye saluni likalifunika birika lote. Akaikata kwa kidole gumba, akaendelea.

"Dada," kaka akasema, safari hii kwa upole, "nenda. Mimi nipo."

"Nimesema kidogo tu."

Birika likafika ukingoni mwa dirisha. Akaliachia. Puu! Suruali ikashuka, na msusi akageuka haraka kumtazama mama yake, keshaanza kucheka ili wacheke pamoja.

Mama hakucheka. Alikuwa anavitazama viatu vya bintiye pale mlangoni.